Ndoano za Mkwe

Nyamburi alikuwa hali samaki, na hilo alilitangaza mapema, kabla hata hajakaribishwa kiti. Kwao Butiama kulikuwa na ng'ombe. Samaki, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa chakula cha paka na cha watu waliokosa maziwa. Siku watu wa ziwani walipokuja kumposa binti yake Flora, alisema mbele ya wageni wote, "Mtoto nawapa, lakini harufu yenu muiache huko huko kwenye maji." Wageni walicheka kwa adabu. Mniko, kijana aliyekuja kuoa, alitazama vidole vyake vya miguu.

Sasa Flora alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, Isaya, na Nyamburi amekuja kumtunza mzazi, katika kijiji cha wavuvi upande wa Suguti, pale ziwa linapoingia nchi kavu na kujificha ndani ya matete. Alikuja na maharage yake, unga wake wa ulezi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Wanawake wa pale walimpenda upesi kwa sababu alikuwa na mdomo, na walimtania kila alipokwenda kuchota maji.

"Bibi Isaya, kweli utarudi Butiama hujaonja hata mkia?"

"Mkia ninaoujua mimi unafukuza nzi," aliwajibu. "Wa kwenu unafukuza nini?"

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Shida, mke wa mvuvi mmoja aitwaye Makongoro. Shida alikuwa jirani wa ua kwa ua, na ndiye aliyemwonyesha Nyamburi mahali pazuri pa kufulia, kwenye mwamba ulioingia majini, ili asikanyage matope.

Na Mniko je? Kati ya mama mkwe na mume wa binti yake kuna heshima ambayo watu wa Mara hawaichezei. Hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali mahali pamoja, na mmoja akiona mwenzake anakuja njiani, hukata kona. Nyamburi alilala kwenye kibanda cha jikoni nyuma ya nyumba, maana chini ya bati la mkwe asingeweza kulala. Mniko akiwa na neno alimpa mkewe, mkewe akampa mama, hata kama wote watatu wako uani na kila mmoja amekwisha kusikia. Vijana waliohamia Musoma mjini husema mambo hayo yamepitwa na wakati. Hawa wawili hawakuwa na habari hiyo.

Yote yaliharibikia kwenye mchuzi.

Mzazi hupikiwa mchuzi wa samaki ili maziwa yashuke. Nyamburi aliupika kwa mkono wake, pua ameiziba kwa pindo la kanga, kwa ajili ya mjukuu tu. Lakini mpishi lazima aonje chumvi. Akaonja. Akasimama na mwiko mkononi kama mtu aliyeitwa jina na hajui limetokea wapi. Akaonja tena, akajiambia chumvi haijakolea. Akaonja mpaka sufuria ikaanza kulalamika.

"Mama, leo mchuzi mbona umekauka hivi?" Flora aliuliza.

"Moto ulikuwa mkali," alisema Nyamburi, akageuka kuosha mwiko ambao ulikuwa safi tayari.

Angeweza kusema. Ilikuwa ni neno moja tu: mwanangu, niwekee na mimi. Lakini neno hilo lingefika kwa Mniko kabla ya jua kuzama, lingefika kwa wachota maji asubuhi, kisha lingepanda gari mpaka Butiama, na wanawake wa jumuiya yake wangelishika na kulichezea mwaka mzima. Nyamburi aliyewatukana wakwe zake mbele ya watu, leo analamba mwiko. Akaona heri njaa ya samaki kuliko hilo.

Kilikuwa kiangazi kikali. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, na ndani ya matete yalibaki maji mafupi yenye joto, yanayofika gotini, ambamo furu, samaki wadogo kama kidole, walijificha. Sangara waliwafuata humo humo. Kwa hiyo wavuvi wa pale hawakuhangaika kwenda mbali; walitega migonzo. Mgonzo ni kamba ndefu inayofungwa kwenye mti uliochomekwa matopeni, halafu inalazwa majini, na kwenye kamba hiyo zinaning'inia ndoano, hii na hii na hii, kila moja na furu wake wa chambo. Mtu hutega, huenda zake, hurudi baadaye kukagua. Mgonzo wa Mniko ulianzia kwenye mti uliokuwa karibu na mwamba wa kufulia. Wa Makongoro ulianzia mti wa pili, ng'ambo ya upenyo wa maji uliokata matete hapo.

Siku moja mchana, Nyamburi akifua nepi za Isaya, aliona mti wa Mniko unatikisika. Hakukuwa na upepo. Aliutazama kwa muda mrefu, na nepi ikamponyoka, akaifuata majini, na alipokuwa amekwisha kulowa, aliona haina maana kurudi bila kuangalia. Kwenye ndoano ya kwanza kulikuwa na sangara wa urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko.

Alimbanika nyuma ya majabali, kwa moto wa vijiti, akamla akiwa amechuchumaa, akigeuza shingo kila upande. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye viwiko. Alijiambia kwamba samaki ni wa mkwe, na mkwe ni mtoto, na mtoto asingemnyima mama. Kisha akafukia mifupa. Alipokuwa anausawazisha mchanga kwa kiganja ndipo aibu ilipomkamata kwa mara ya kwanza, maana hakuna mtu anayefukia chakula chake mwenyewe.

Alirudi, hata hivyo. Alirudi siku nyingine, na nyingine tena. Kila aliposema basi, jua la mchana lilimkuta kwenye mwamba ule na nepi ambazo hazikuwa chafu.

Kisha jioni moja, akiwa jikoni na mtoto mapajani, alimsikia Mniko akizungumza na mkewe uani.

"Kuna mtu anakagua mgonzo wangu kabla yangu."

"Labda fisi maji," alisema Flora.

"Fisi maji anakulaga samaki anaacha kichwa kwenye ndoano. Huyu anamchomoa taratibu, ndoano anaiacha safi, hata kamba haikuchezewa. Ni mtu huyo. Tena anajua kupita pale."

"Sasa nani?"

"Wanaopitaga upenyo ule tupo wawili. Mimi na Makongoro. Mimi sijijui kama mwizi."

Nyamburi alimbana mtoto kifuani mpaka mtoto akalia.

Maneno yale hayakubaki uani. Kesho yake Mniko alimkabili Makongoro mwaloni, pale mitumbwi inapofungwa, mbele ya watu waliokuwa wanaanika dagaa. Makongoro alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kigugumizi kidogo akikasirika. Alisema tu, "Mimi sikuiba." Walipomuuliza kama si yeye ni nani basi, na yeye yuko pale kila siku, alinyamaza, akaangalia kafi yake. Ukimya huo ukamtia hatiani zaidi. Watu walianza kusema mambo ya nyuma, kwamba hata ule mwaka nyavu za fulani zilipopotea, ni nani alikuwa karibu. Vijana wakampachika jina la Mkaguzi. "Shikamoo Mkaguzi, leo umekagua kwa nani?" Shida akaacha kuja kwenye mwamba wa kufulia. Alikwenda kuchota maji mbali, upande wa tope, peke yake, na akipita kwenye ua wa kina Flora alitazama mbele kama anayepita makaburini.

Kesi ikapelekwa kwenye kamati ya mwalo, na mzee Stanislausi, mwenyekiti, akasema itasikilizwa Jumamosi. Kila mtu alijua maana yake. Mtu akionekana mwizi wa samaki wa wenzake, mtumbwi wake unatolewa mwaloni, na hakuna mwalo wa jirani utakaompokea. Makongoro alizaliwa hapo, na baba yake amezikwa hapo, hatua chache kutoka mahali anapofunga mtumbwi.

Nyamburi hakulala vizuri. Alisali rozari, akapoteza hesabu, akaanza upya. Ndipo Ijumaa asubuhi, akikoroga uji, alisikia kwamba Makongoro amekwenda Bunda, huko Nyasura, kumwona dada yake mgonjwa, na atarudi jioni. Wazo likamjia, na likaonekana zuri kabisa. Samaki akiibiwa leo, Makongoro akiwa Bunda, nani atamsingizia tena? Aibe mara moja ya mwisho, kwa ajili ya jirani. Hakutaka kujiuliza kwa nini mate yalimjaa mdomoni alipokuwa anawaza wema huo.

Mchana aliingia majini. Alikuwa amefunga kitenge juu ya magoti, na ndoo ameiacha kwenye tope kavu ukingoni. Ndoano ya kwanza ilikuwa na samaki. Akamchomoa, akarudi ukingoni akamtia ndooni, akaifunika kwa kanga. Na hapo angeondoka. Lakini aliona kamba inavutwa kule mbele, inakwenda kushoto, inakwenda kulia, akajua kuna mkubwa. Akarudi majini, akasogea. Akashika kamba, akainama, mgongo ameuelekeza kwenye upenyo.

Sangara mkubwa hapendi kushikwa. Yule aliruka mara moja, kamba ikakaza kama imevutwa na trekta, ikamchapa Nyamburi nyuma ya miguu, na ndoano iliyokuwa tupu ikaingia kwenye paja lake, juu kabisa, upande wa nyuma, mahali ambapo mwanamke wa umri wake hajaonyesha mtu tangu mumewe azikwe.

Alijaribu kuivuta. Ndoano ya sangara ina kijino kinachotazama nyuma. Kuingia inaingia, kutoka haitoki. Samaki akivuta kule, paja linavutwa huku. Akakaa chini majini ili kamba ilegee, maji yakamfika kifuani, na akabaki hapo, ameshika matete kwa mikono miwili. Jua lilikuwa utosini. Aliwasikia wanawake wakicheka mbali, kule walikohamia kuchota. Angepaza sauti wangekuja. Hakupaza.

Mtumbwi hakuusikia. Mvuvi anayekagua migonzo ya maji mafupi hapigi kafi. Husukuma kwa mti mrefu, polepole, asije akatibua samaki. Aliona tu ncha ya mtumbwi inachungulia kwenye upenyo, na nyuma yake miguu anayoijua, maana miguu ndiyo aliyokuwa anaiona siku zote.

Mtumbwi ukasimama. Furu walisikika wakidona juu ya maji.

Mniko alikuwa amegeuka, amempa mgongo. Aliposema, hakumwambia yeye. Aliuambia mtumbwi.

"Wewe mtumbwi. Naona kama kuna mtu hapo kwenye matete. Ameumia?"

Nyamburi alifunga macho. "Matete," alisema, "mwambieni mwenye mtumbwi arudi alikotoka."

"Mtumbwi, ningerudi. Ila kamba yangu imekaza, na hiyo ncha nyingine ya kamba naona imeingia kwa mtu."

"Matete, mwambieni ni kitenge tu kimenasa."

"Mtumbwi, maji hapo yana damu."

Nyamburi akayakoroga maji kwa kiganja, damu ipotee. Mniko akangoja, kisha akasema, bado amegeuka, "Nikienda kumwita Flora, atakuja. Na wale walioko huko watamfuata kuja kuona. Mtumbwi, muulize huyo mtu anatakaje."

Nyamburi alipima. Upande mmoja kijiji kizima. Upande mwingine mtu mmoja, lakini mtu yule ambaye kuliko wote duniani hakupaswa kuwa yeye. Sangara akavuta tena, Nyamburi akauma mdomo.

"Matete," alisema kwa sauti ndogo, "mwambieni asiite mtu."

Basi Mniko alishuka majini kinyumenyume. Kwanza alikata kamba pande zote mbili, na sangara mkubwa akaenda zake na kipande cha mgonzo na ndoano zake. Hakumtazama hata kidogo. Alivua shati, akalinyoosha nyuma yake bila kugeuka, na mkono wa Nyamburi ukalipokea, ukalifunga palipohitaji kufungwa, pakabaki wazi mahali pa ndoano tu. Kisha ilibidi ageuke. Nyamburi alijua amegeuka kwa kuwa pumzi yake ilibadilika.

"Mtumbwi, mwambie mtu huyo nitaisukuma mbele itokee upande wa pili. Kuirudisha nyuma itararua nyama. Itauma."

"Matete, mwambieni afanye."

Ndoano ikatokea upande wa pili wa nyama. Akakikata kijino kwa plaizi, tip, kikaanguka majini, na chuma kilichobaki akakichomoa kirahisi kwa kule kilikoingilia. Nyamburi hakulia. Alikuwa ameuma tete mdomoni, na alipolitema alikuta amelikata vipande.

Ndipo Mniko alipokwenda ukingoni kuchukua ile ndoo, amsaidie. Kanga iliyoifunika ilikuwa imeteleza. Mkia wa sangara ulikuwa umechungulia nje, bado unapigapiga.

Nyamburi alikuwa anatazama mahali pengine. Lakini jicho lilimponyoka. Aliuona mkono wa kijana ukivuta kanga pole pole, ukaufunika ule mkia vizuri, ukachomeka pindo pembeni kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kuliko ndoano, kuliko paja, hilo ndilo lililomfanya atamani maji yangekuwa marefu.

"Fisi maji wamezidi mwaka huu," Mniko aliuambia mtumbwi, akaingia, akasukuma, akaenda.

Nyumbani alisema amechomwa na kisiki cha tete. Flora alimpeleka zahanati akachomwa sindano ya pepopunda, na nesi alilitazama jeraha lenye matundu mawili, akamtazama yeye, akaendelea na kazi.

Jumamosi watu walikusanyika mwaloni, chini ya banda la kupimia samaki. Wanaume walikaa kwenye kingo za mitumbwi iliyopinduliwa, wanawake upande wa vichanja vya dagaa. Nyamburi angeweza kubaki jikoni na mguu wake. Alikwenda akichechemea, Isaya mgongoni, kwa sababu alitaka kusikia kwa masikio yake Makongoro akiachiwa. Akikwisha kuachiwa, alijiambia, atafunga mzigo arudi Butiama, na samaki hatamgusa tena.

Mniko alisimama. "Wazee, nimekuja kuondoa maneno yangu. Nilikosea. Ni fisi maji. Nimemwona jana."

Watu wakaguna. Mzee Stanislausi alivua kofia, akajipepea.

"Wewe Mniko. Wiki nzima unatuambia fisi maji anaacha kichwa. Umetufundisha mpaka watoto wanajua. Leo huyu fisi wako amejifunza kuchomoa ndoano?"

"Nilikosea, mzee."

"Kamba yako imekatwa kwa kisu," mtu mmoja alidakia. "Nimeiona asubuhi. Huyo fisi ana kisu?"

"Wamepatana hao," alisema mwingine, kwa sauti ya chini inayosikika kotekote. "Mkaguzi amempoza. Jana si alijifanya amekwenda Bunda."

Kicheko kikapita. Nyamburi alimwangalia Makongoro. Alikuwa amesimama peke yake, mikono nyuma.

"Makongoro," alisema Stanislausi, "mwenzako anasema ni fisi. Wewe unasema nini? Maana tukimaliza hivi, watu watakwenda na yao mioyoni. Sema kitu, mtu wetu. Kama uliona kitu, sema."

"A-andikeni fisi maji," alisema Makongoro. "Mimi nimekubali."

Na alipokuwa anasema hivyo, jicho lake lilikuja upande wa wanawake. Lilikuja mara moja tu, likatua kwenye mguu wa Nyamburi, ule aliokuja akiuvuta, likaondoka haraka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta anayeoga.

Nyamburi akahisi baridi katikati ya jua lile. Alijua. Makongoro alikuwa amejua tangu mwanzo. Mti wake ulikuwa ng'ambo ya upenyo. Alikuwa amemwona akiinama, amemwona akibeba, labda aliuona hata moshi nyuma ya majabali. Na alipoulizwa ni nani, alinyamaza, kwa sababu angesemaje? Angesimama mbele ya mwanamume amwambie, mama mkwe wako ndiye mwizi wako? Huko kungekuwa kumvua nguo mwanamke mzima mbele ya mkwe wake. Akaona aitwe yeye mwizi. Akamwacha mkewe akachote matope.

Na sasa Mniko naye anadanganya wazee kwa ajili yake. Wanaume wawili wamemfunika, na mmoja ndiye anayekwenda kuvuliwa badala yake.

Aliinuka. Mguu ulimpiga mpaka kiunoni. Wanawake walidhani anakwenda kumnyamazisha mtoto. Alimtoa Isaya mgongoni, akawapa wanaume mgongo wake, akamshika mtoto mbele ya uso wake, na kumwambia kwa sauti aliyokuwa akiitia ng'ombe ng'ambo ya bonde:

"Isaya, mjukuu wangu. Wewe ndiye ninayekwambia, sina mwingine ninayeweza kumwambia hapa. Fisi maji ni mimi."

Mtoto alipiga miayo.

"Samaki za baba yako nimekula mimi. Nyuma ya yale majabali, kama mbwa. Mimi niliyesema kwetu ni chakula cha paka. Jana niliingia tena nikasema namwokoa jirani, na ndoano ikanishika, na aliyeitoa unamjua. Makongoro hajagusa hata chambo. Na aliniona, Isaya. Akanyamaza kwa heshima yangu, na mimi nikamwacha anyamaze. Ukikua wakikuuliza bibi yako alikuwa mtu gani, usiwafiche."

Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Alikuwa amekisubiri, hata alikitaka, maana kicheko angekijibu. Mdomo alikuwa nao. Hakikuja. Nyuma yake alisikia wanaume wakikohoa na kusogeza miguu. Mbele yake wanawake wote walikuwa wanatazama chini, kila mmoja amepata dagaa wa kugeuza. Flora alikuwa amejifunika kanga usoni mpaka machoni.

"Basi," alisema mzee Stanislausi. "Tumesikia yaliyosemwa kwa mtoto." Akakohoa. "Makongoro, sisi tumekukosea. Upenyo ule utangulie wewe kukagua, asubuhi na jioni, mwenzako afuate nyuma yako. Mniko, una neno?"

Alisikia miguu ya mkwe wake ikitembea mchangani mpaka kwa Makongoro, ikasimama.

"Mtumbwi wako umezibia wangu," alisema Makongoro, bila kigugumizi. "Njoo tuusogeze."

Wakaenda kuusogeza.

Flora alikuja akamchukua mtoto mikononi mwake. Hakumtazama mama yake, lakini alitembea pole pole njia nzima, kwa mwendo ambao mtu mwenye mguu mbaya anaweza kuufuata. Na kila ua waliopita, watu walisimama wakasema, "Pole na mguu, bibi." Hakuna aliyetaja samaki. "Pole na mguu." Kila pole ilimwingia pale pale penye tundu. Alijibu, "Asante. Asante, mwanangu," kichwa ameinamisha, hatua kwa hatua, mpaka walipofika kwenye ua wa Makongoro.

Shida alikuwa uani, anapepeta mtama. Hakwenda mwaloni, hakutaka kusikia mumewe akifukuzwa. Lakini habari zilikuwa zimemtangulia Nyamburi, hilo lilionekana kwa jinsi ungo ulivyokuwa unapigwa kwa nguvu.

Flora alipita. Nyamburi hakupita. Alisimama nje ya uzio.

Shida hakusema pole na mguu. Hakusema karibu. Alipepeta, makapi yakaruka, yakamfuata Nyamburi kwenye nywele na kwenye mashavu yaliyolowa, naye hakuyapangusa. Alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu mwaloni, na aliyatafuta, akakuta yote yanamhusu yeye mwenyewe, yalivyomuuma, alivyoshindwa kulala. Hakuna hata moja lililokuwa la Shida. Kwa hiyo akanyamaza, mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema, akasimama hapo kwa mguu mmoja, jua likimchoma utosini.

Shida akamaliza ungo mmoja. Akajaza mwingine, akaumaliza nao. Alipoinama kujaza wa tatu, bila kumtazama, akakisukuma kigoda kwa mguu wake mpaka kikafika karibu na mlango wa uzio, kikainama upande, kikatulia.

Nyamburi aliingia, akakaa.